Champali Bafuni Si Kinga ya Stima



Baridi ya Nairobi mwezi wa Julai si ya kuchezewa na mtu aliyekulia pwani. Mji ule uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyolala usiku kucha katika tangi la juu ya nyumba huteremka alfajiri yakiuma mifupa. Ndiyo sababu vijana wetu wanaokwenda huko kwa kazi na masomo, swali lao la kwanza kabla ya kulipa kodi ni: bafuni mna shawa ya maji moto?

Binti yangu amepanga Kawangware, orofa ya tatu. Nilifika kwake Alhamisi jioni, na alfajiri nilipotaka kuoga nikakuta ameniwekea champali mlangoni mwa bafu.

"Baba, usiingie miguu mitupu," akanambia. "Shawa ina stima kidogo."

Nikamuuliza, kidogo ni kiasi gani? Akasema ukishika mfereji wa chuma wakati shawa inafanya kazi wahisi kama sisimizi wanakupanda mkononi. Wapangaji wote wajua, na kila mmoja ana champali zake za bafuni. Mjukuu wangu, mwenye miaka minne, anazo za rangi ya waridi.

Sikuoga kwa shawa ile. Nalimwambia binti yangu apashe maji kwenye jiko la gesi, na baada ya Swala nikamtafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi nchini. Aliyonifundisha asubuhi ile ndiyo ninayoyaandika, kwa kuwa naamini zimo nyumba nyingi zenye champali kama zile.

Shawa za namna hii, ambazo nyingi hutoka Brazili, hazina tangi la kuwekea maji moto. Ndani ya kile kichwa cha plastiki mna koili, na maji hupata moto yakiwa yanapita. Yakija kwa nguvu ya kutosha husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kikagusanisha vyuma viwili, stima ikapita kwenye koili. Mfereji ukifungwa, kiwambo hurudi na stima hukatika. Ukilifahamu hilo, kasoro nyingi utazijua wewe mwenyewe bila ya kumwita mtu.

Maji yakitoka baridi kabisa, kwanza tazama kama yana nguvu. Tangi likiwa karibu kuisha, au likiwa limewekwa chini mno juu ya bafu, maji huwa dhaifu na kiwambo hakinyanyuki. Huenda pia vitundu vya kichwa cha shawa vimezibwa na chokaa ya maji ya kisima. Zima stima, fungua kile kifuniko chenye vitundu, kiloweke katika siki, kisha kisugue kwa mswaki mkuukuu. Ikiwa maji ni mengi na bado ni baridi, na taa ya swichi yawaka, basi yumkini koili imekatika. Koili hubadilishwa, haifungwi fundo.

Maji yakiwa ya vuguvugu tu, wengi hudhani shawa imeharibika, kumbe mfereji umefunguliwa mno. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika huongeza joto la maji kwa nyuzi 26 hivi. Ikipitisha lita 6, huongeza 13 tu. Punguza maji, joto litapanda. Mama mmoja jirani ya binti yangu alikuwa amekwisha nunua shawa mpya kwa kutojua hili, naye alipoelezwa alicheka hadi akakaa chini.

Breka ikijikata kila mara, hapo usicheke. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 23. Plagi ya kawaida yastahimili 13. Kwa hiyo shawa haichomekwi kwenye soketi, wala haishiriki waya mmoja na friji na pasi. Yataka waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye breka yake yenyewe, na swichi yake kubwa iwekwe nje ya bafu. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au ukiona ukuta umekuwa mweusi pale nyaya zinapounganishwa, zima na usiwashe tena hadi fundi aje. Na anayeng'oa fyuzi akatia kipande cha waya wa shaba ili "isisumbue", huyo amemwondoa mlinzi mlangoni kwa sababu alikuwa akibisha hodi.

Sasa turudi kwa sisimizi.

Katika nyingi ya shawa hizi koili haina ganda. Imezama ndani ya maji yenyewe unayooga. Kinachotakiwa kumlinda muogaji ni waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na manjano, unaoipeleka ardhini stima inayovuja kabla haijampitia mwanadamu. Maji yakiwa na chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya kwetu pwani, huvusha stima zaidi, na kwa maji hayo hutengenezwa shawa za koili iliyofunikwa. Anayenunua na aulize hilo dukani.

Fundi alipofungua ukuta wa bafu la binti yangu aliuona ule waya wa kijani na manjano. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukafungwa kwa utepe mweusi. Ethi haikuwapo tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo, kati ya mjukuu wangu na umauti palikuwa na mpira wa champali uliorowa maji. Na champali hazimfai kitu mtu aliyeegemea ukuta uliorowa, wala mtoto aliyeteleza akashika bomba.

Fundi alishauri pia kifaa cha kukata stima inapovuja. Hicho huhisi uvujaji wa milliampea 30, kikakata mara moja. Kina bei yake, lakini si bei ya jeneza.

Swali likawa, nani alipe? Msimamizi wa ploti alisema shawa ni ya mpangaji. Nikamweleza kwa upole kwamba katika fiqhi yetu ya Kishafi matengenezo ya nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenye nyumba. Asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Waya uliomo ukutani ni nyumba. Akanyamaza, akasema atampigia simu mwenyewe.

Alasiri nilikwenda Kibera, mtaa wa Makina, kumzuru bibi mmoja wa Kinubi tuliyejuana naye zamani. Wazee wake ni wale askari Waislamu wa King's African Rifles waliopewa ardhi ile walipomaliza utumishi, na jina la Kibera lenyewe latokana na neno lao la msitu. Kwake hapana shawa. Wajukuu wake hupasha maji kwa koili ya kutumbukiza ndooni, na vyumba vingi vya huko vyapata stima kwa nyaya za kuunganisha ovyo wanazoziita sambaza, zisizo na fyuzi wala ethi. Nilimkuta kijana ametia kidole ndooni kuonja joto huku koili ikiwaka!

Koili ile huchomolewa kwanza, ndipo maji yaguswe. Huzamishwa kwanza, ndipo iwashwe, kwa maana ikiwaka nje ya maji hugeuka nyekundu, ikayeyusha ndoo, na moto hauchelewi katika nyumba za mabati zilizobanana. Wala haiachwi chumbani na mtoto. Bibi alisema yeye hajawahi kuigusa. Ana jiko lake la makaa, na hulipeleka nje.

Akina mama huniuliza mara kwa mara kuhusu josho katika baridi hii, hasa anayetoka katika hedhi au nifasi. Kwanza, maji yaliyopashwa kwa stima hayana karaha. Karaha iliyotajwa na wanazuoni wetu ni ya maji yaliyopashwa na jua katika vyombo vya madini, na ya maji ya moto mno au baridi mno. Pili, anayeogopa madhara ya baridi na hana njia yoyote ya kupasha maji, yuajuzu kutayamamu. Amr bin al-As, Mungu amuwie radhi, alifanya hivyo katika usiku wa baridi kali akiwa vitani Dhat as-Salasil, akaswalisha wenziwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomuuliza, naye akatoa hoja ya aya ya Suratun-Nisaa inayokataza kuziua nafsi, Mtume alicheka na hakusema neno. Hata hivyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba aliyetayamamu kwa ajili ya baridi atairudia Swala ile. Na mwenye jiko na sufuria hana udhuru, apashe maji. Lakini hakuna aliyelazimishwa kuoga chini ya shawa inayompiga stima, wala hana thawabu kwa kuivumilia.

Jumatatu mwenye nyumba alituma fedha za waya, na fundi akaunga ethi, akaijaribu kwa kipimo chake mbele yetu. Ijumaa iliyofuata, nikiwa nimekwisha rudi Mombasa, binti yangu akanipigia simu. Msimamizi alikuwa amekuja kuomba namba ya fundi: mpangaji wa orofa ya pili amesema kwake pia kuna sisimizi.