Upondo wa Umeme

Wanangu, mkiteremka pwani ya Somanga maji yakiwa yametoka, mtaona mashua zimelala ubavu kwenye tope. Kisha maji yanarudi. Yanalamba mkuku, yanapanda, chombo kinaanza kutikisika. Mwenye pupa husukuma papo hapo. Chombo kinakwenda hatua mbili, kinakwama mchangani. Mzoefu huchovya upondo kwanza, akatazama maji yameishia wapi, ndipo akasema, "Haya, sukumeni."

Sasa itazameni mita ya LUKU ukutani. Umeme ulikatika, umerudi, mtaa mzima unashangilia. Nyinyi wa Somanga mna haki ya kuujua umeme kuliko wengine, maana gesi ya Songo Songo hutua kwenu, Somanga Fungu, na tangu 2004 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Ndani ya mita ile mna prosesa, na sasa hivi inaamka.

Kwa macho yetu umeme hurudi mara moja. Kwa prosesa, volti zinajaa kama maji: 1, 2, 3, tuseme mpaka 5. Ikianza kazi zikiwa 2, mapigo ya saa yake hayajatulia, inasoma amri ambayo hakuna aliyeiandika, na inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu inayotunza uniti alizonunua mama.

Ndiyo maana prosesa ina mguu mmoja wa kuizuia. Kwa prosesa nyingi, mguu huo ukishikiliwa kwenye volti 0, inatulia tuli. Ukiachiwa, inaanza kutoka amri ya kwanza.

Nani aushikilie? Njia ya zamani ni rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10. Kapasita hujaa taratibu, kama mtungi unaojazwa kwa kata, na baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde imefika karibu theluthi mbili. Ni rahisi, na kwa kujifunzia inafaa. Mimi siiamini. Kapasita ni kama baharia anayehesabu muda tu, kina hapimi. Siku ya bamvua atapatia. Siku ya maji mafu, maji yakipanda kwa kusuasua, atasema "sukumeni" chombo kingali kwenye tope. Kifaa cha sola alfajiri ndivyo kilivyo: jua linachomoza polepole, volti zinapanda polepole, na kapasita inapanda nazo bega kwa bega. Tena umeme ukikatika na kurudi kufumba na kufumbua, kapasita inakuwa bado imejaa, haizuii chochote. Daiodi ya kuimwaga haraka husaidia, lakini haitoshi.

Upondo wenyewe ni kichipu cha kupima volti. Kimoja kinachojulikana sana, MAX809, kina miguu 3 tu. Kile cha ubao wa volti 5 hakiachii mpaka zipite 4.63, halafu kinasubiri angalau milisekunde 140 zaidi ili mambo yatulie. Zikishuka tena chini ya hapo, kinaikamata prosesa upya.

Siku utakapochora ubao wako wa kwanza, tafuta kwenye maelezo ya prosesa yako volti ya chini kabisa ambayo inaweza kufanya kazi nayo. Iandike pembeni mwa mchoro, kisha chagua kichipu kisichoachia chini ya hapo.