Bundi Mdogo wa Pemba

Kisiwani Pemba yuko bundi mdogo asiyeonekana mahali pengine po pote duniani. Bwana Pakenham ndiye aliyemwandika kwa wataalamu mwaka 1937. Manyoya yake ni ya kahawia na macho yake ni ya manjano. Mchana hujificha katika majani mazito; usiku hutoka kuwinda wadudu. Hukaa katika msitu wa Ngezi na hata katika mashamba ya mikarafuu. Lakini miti mikubwa ikikatwa hana pa kuhamia, kwa sababu bahari imemzunguka.

Wakulima wa Garissa, bundi wa kwetu kando ya Mto Tana nao hula panya na wadudu wa shamba. Watu wengi huwaua wakidhani huleta mkosi. Amwuaye bundi huwapa panya nafuu. Basi msiwaue, na miti mikubwa yenye mashimo msiikate.