Chomsky na Foucault: Mdahalo wa Runinga wa Mwaka 1971

Wanafunzi wa isimu aghalabu hukutana na jina la Noam Chomsky katika mihadhara ya sintaksia, ilhali wenzao wa fasihi humtaja Michel Foucault wanapojadili diskosi na mamlaka. Ni nadra wawili hao kutajwa kwa pamoja. Hata hivyo, mnamo Novemba 1971 waliketi ubavu kwa ubavu mjini Eindhoven, Uholanzi, mbele ya kamera za runinga ya nchi hiyo, wakajadili swali kongwe: je, ipo hulka ya binadamu isiyotegemea wakati wala mahali?

Msimamizi wao alikuwa mwanafalsafa Fons Elders. Chomsky alizungumza Kiingereza, Foucault akajibu kwa Kifaransa. Kila mmoja alitetea hoja kwa lugha aliyoimudu barabara, jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili wana kila sababu ya kulionea gere.

Chomsky alianzia katika uwanja wake. Mtoto husikia sentensi chache, nyingine zikiwa zimekatikakatika, lakini baada ya muda mfupi huweza kutunga na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia. Pengo hilo baina ya kinachosikiwa na kinachojulikana, kwa mujibu wake, halizibiki ila kwa kukubali kwamba mtoto huzaliwa na maarifa fulani kuhusu muundo wa lugha. Maarifa hayo ni sehemu ya hulka ya binadamu. Foucault hakuyakanusha moja kwa moja. Alichoshuku ni dhana yenyewe. Kwake, hulka ya binadamu si kitu kilichogunduliwa na sayansi, bali ni istilahi iliyotumiwa kubainisha aina fulani za diskosi na uhusiano wao na teolojia, biolojia au historia.

Kufikia hapo mdahalo ulikuwa wa upole, hata wa kumchosha mtazamaji asiye na subira. Siasa ndizo zilizouwasha moto. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na Chomsky alikuwa miongoni mwa wapinzani wake mashuhuri nchini Marekani. Alishikilia kwamba anayekiuka amri ya dola ili kuzuia uhalifu wa dola hiyo hutenda haki. Foucault akabisha: tabaka la wafanyakazi halipigani na tabaka tawala kwa kuwa vita hivyo ni vya haki, bali kwa kuwa linataka kutwaa mamlaka, na dhana ya haki imefinyangwa ndani ya jamii ile ile inayonuiwa kupinduliwa. Chomsky alikataa katakata. Iwapo angeamini kwamba mapinduzi yangezaa utawala wa vitisho, hangeyaunga mkono.

Hoja ya Foucault ina makali, ila inamwacha anayeonewa bila kigezo cha kumlaumia dhalimu wake. Chomsky naye hakuonyesha daraja la kuvukia kutoka kanuni za sarufi hadi kanuni za haki. Alisema anaamini kwamba haki ina msingi katika hulka ya binadamu, lakini akaungama papo hapo kwamba akibanwa sana atatatizika, kwani hawezi kuuchora msingi huo.