Historia ya Reli ya Chini ya Ardhi ya London Katika Ramani Zake

Reli ya kwanza duniani ya kubeba abiria chini ya ardhi ya jiji ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, umbali wa kilomita sita hivi. Siku hiyo pekee ilisafirisha watu wapatao 38,000. Leo mtandao huo una njia 11 na vituo 272. Ramani inayobandikwa vituoni huonyesha hali ya sasa tu. Anayetaka kujua mtandao ulivyokua hana budi kuzipanga ramani zake mwaka baada ya mwaka, kisha aulize kila njia ilichimbwa kwa ufundi gani na kwa fedha za nani.

Ramani za mwanzo zinaonyesha njia zikifuata barabara kubwa, na sababu yake ni ufundi wa wakati huo. Mafundi walichimba mtaro barabarani, wakajenga kuta na dari la matofali, kisha wakafukia juu. Treni zilivutwa na injini za mvuke, kwa hiyo ilibidi ziachwe sehemu za wazi za kutolea moshi. Alama ya sehemu hizo ingalipo mtaa wa Leinster Gardens, eneo la Bayswater. Namba 23 na 24 huonekana kama nyumba za kawaida, lakini ni ukuta wa mbele tu. Madirisha yake ni ya kuchorwa, na nyuma yake mna shimo la reli.

Mwaka 1890 mambo yalibadilika. Kampuni ya City and South London ilifungua njia ya kina kirefu iliyotumia umeme na kupita chini ya mto Thames. Wachimbaji walijikinga kwa ngao kubwa ya chuma iliyosukumwa mbele ndani ya udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1900 ilifuata njia ya Central, na mwaka 1906 na 1907 zikafunguliwa njia tatu zilizogharimiwa na kundi la Charles Yerkes, tajiri wa reli kutoka Chicago aliyefariki 1905 kabla ya kuziona zikifanya kazi.

Kampuni hizo zilishindana, na kila moja ilitangaza njia zake. Mwaka 1908 zilikubaliana kutumia jina moja la pamoja na kuchapisha ramani moja yenye rangi tofauti kwa kila njia. Hata hivyo ramani hiyo ilichorwa juu ya ramani ya mitaa, hivyo vituo vya katikati ya jiji vilisongamana na vya pembezoni vikakosa nafasi.

Suluhisho lilitoka kwa Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya ishara za reli hiyo. Mwaka 1931 alichora njia kwa mistari iliyonyooka na ya mshazari tu, kama mchoro wa nyaya za umeme, akabakiza mto Thames peke yake kuonyesha jiji lilivyolala. Wakubwa waliukataa kwanza, lakini ulipochapishwa Januari 1933 abiria waliupokea kwa mikono miwili. Gharama yake ni kwamba umbali halisi ulipotea. Covent Garden na Leicester Square haziachani hata mita 300, ila msomaji wa mchoro hawezi kulijua hilo.

Kwa hiyo anayechora ramani ya historia hurudisha kila kituo mahali pake halisi na kukiandikia mwaka wa kufunguliwa, wa kubadilishwa jina na wa kufungwa. Majina ndiyo mtego mkubwa. Charing Cross ya ramani ya 1933 ndicho kituo kinachoitwa Embankment leo, na Arsenal iliitwa Gillespie Road hadi 1932. Vituo vingine vimetoweka kabisa. Down Street kilifungwa 1932, kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili kikawa maficho ya viongozi wa reli, na Winston Churchill naye alikitumia. Aldwych kilifungwa 1994.

Ramani ya namna hiyo hujibu hata maswali ya leo. Kusini mwa Thames vituo ni vichache kwa sababu reli za juu ya ardhi zilikuwa zimeshaenea huko, na udongo wake wenye mchanga na maji ulikuwa mgumu kuchimbika. Pengo hilo linazibwa polepole: mwaka 2021 njia ya Northern ilirefushwa hadi Battersea, ikaongeza vituo viwili vipya upande huo wa mto.