Tanga la Jahazi Ndani ya Kompyuta

Mzee mmoja wa Ngamiani, nahodha wa zamani, alitujia baada ya sala ya Alasiri kumshitaki mwanawe, kwamba hukesha mbele ya kompyuta na Alfajiri haamki. "Maalim, mtoto ameshapotea katika michezo." Nasi kwa haraka yetu tukamwambia amnyang'anye. Ikawa hivyo mwezi mzima, na kijana akawa anaandika hesabu zake nyuma ya daftari la Fiqhi.

Daftari hilo ndilo lililotufanya tumwite. Akatuonyesha jahazi likigeuka kila aguswapo kitufe, tanga limejaa upepo. Hakulichora kwa mkono. Aliliandika kwa hesabu. Tanga lile ni pembetatu nyingi ndogo zilizoungana, na kila ncha ina namba tatu: upana, kimo na umbali. Jahazi likigeuka, ncha zote zapigiwa hesabu upya, hesabu ya pembe ile ile waliyoitumia wanazuoni wa kale kutafuta kibla.

Nayo yataka wepesi wa ajabu. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na picha yapasa ibadilishwe kama mara 60 kwa sekunde. Ikichelewa, tanga laruka-ruka badala ya kupepea. Hilo ndilo lililokuwa likimkesheza.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alibainisha kuwa twaona kwa mwanga uingiao jichoni, si kwa miale itokayo jichoni. Mafundi wa picha hizi mara nyingine huifuata miale kinyumenyume, kuanzia jichoni. Si kwa kumpinga, bali kwa kuwa miale mingi ya taa haifiki jichoni kamwe, na kuihesabu yote ni kazi bure.

Mzee aliuliza pia habari ya kuchora vyenye roho. Katika hilo wanazuoni wamehitilafiana, nasi hatulikati hapa. Kijana amechagua majahazi na milango ya nakshi.

Kompyuta imerudishwa, kwa sharti ifungwe saa nne usiku. Sasa anahangaika na mawimbi, na babake hukaa kando yake akimweleza jinsi bahari ya kusi isivyofanana na ya kaskazi.