Mvua ya Mawe katika Mashamba ya Chai ya Kericho

Msafiri atokaye Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, huanza safari yake penye joto, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Baada ya kilomita 80 hivi huwasili Kericho, mji mdogo wenye ubaridi, uliojengwa kwenye kimo cha mita 2,000 hivi na kuzungukwa na mashamba ya chai. Vichaka vimekatwa vikalingana kama zulia, na mgeni husahau upesi kwamba mchai usiokatwa hukua ukawa mti.

Asubuhi mbingu huwa angavu. Alasiri mawingu meusi hutanda, na mara nyingi hunyesha mvua ya mawe. Sehemu hii, pamoja na Nandi Hills iliyo jirani, hutajwa miongoni mwa zile zinazopatwa zaidi na mvua hiyo duniani. Kwa mchumaji hilo si la kustaajabiwa tu. Mawe huchana na kupukutisha majani mawili na chipukizi, ambayo ndiyo hasa yachumwayo. Kichaka huhitaji muda kuchipua tena, na alipwaye kwa kilo hupungukiwa ujira.

Mawingu hayo yana uhusiano na ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu. Huko hukutana na pepo za mashariki, na hewa hulazimika kupanda kwa nguvu.

Hata hivyo, wingu refu pekee halitoshi. Matone madogo ya maji safi yaweza kubaki majimaji hata kwenye nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri; ili yagande mapema yahitaji chembe ya kuanzia. Vumbi la udongo hufaa zaidi baridi ikiwa kali. Lakini bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, aishiye juu ya mimea, aweza kuanzisha ugandaji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mwaka 1982 Schnell na Tan-Schnell walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa majani makavu yaliyorundikana chini ya michai ya Kenya: yalikuwa na chembe za kugandisha maji. Ikawazwa kwamba nyayo za wachumaji hutimua vumbi la majani hayo, nayo hewa ipandayo hulichukua hadi mawinguni. Yaani huenda shamba lenyewe husaidia kuzaa mawe yanayoliharibu! Dhana hiyo yavutia, ila kupata chembe ardhini si sawa na kuthibitisha kazi yake wingunini.

Binadamu naye amejaribu kuingilia kati. Katika miaka ya 1960 roketi za baruti zilirushwa mawinguni hapo Kericho. Baadaye ndege zilitumika kunyunyiza iodidi ya fedha. Hoja ya iodidi ni kwamba chembe zikiwa nyingi sana zitagawana maji, na mawe yatabaki madogo. Kupima mafanikio ndiko kugumu, kwa maana hakuna ajuaye wingu lile lile lingefanya nini kama lingeachwa.

Shule iliyo karibu na mashamba hayo yaweza kuanza na kipimo rahisi: kipande cha sponji ngumu kilichofunikwa karatasi ya aluminiamu. Kila jiwe huacha kibonyeo, na upana wake hupimwa kwa rula. Jiwe kubwa likikatwa katikati kabla halijayeyuka, huonyesha duara za barafu nyeupe na barafu angavu, zilizofuatana kadiri jiwe lilivyokuwa likikua ndani ya wingu.