Mtoto hakusahau, hakuelewa: Mzazi asiyejua Kiingereza anavyoweza kumsaidia wa kidato cha kwanza

Ni saa mbili usiku. Vyombo vya chakula vimeondolewa, taa ya sola imewashwa, na mtoto aliyeanza kidato cha kwanza Januari ameinamia daftari la Baiolojia. Anasoma kwa sauti ukurasa uleule mara ya tano. Mama anamsikia kutoka uani na moyo unatulia: mtoto anasoma.

Wiki mbili baadaye jaribio linarudi na alama 18 kati ya 100. Hukumu haichelewi: mtoto hashiki kitu, ni kilaza, fedha za daftari na sare zimepotea bure.

Wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanaifahamu hali hii. Lakini mtoto huyohuyo anakumbuka mikorosho ipi ilizaa vizuri msimu uliopita. Anakumbuka magoli ya Namungo na nani aliyatengeneza. Anakumbuka kitendawili alichotegewa na bibi yake miaka mitatu iliyopita, na jibu lake.

Kumbukumbu anayo. Kwa nini basi inamkimbia mbele ya daftari?

Kumbukumbu hufuata maana

Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Humo anasimulia habari za mchungaji wa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini. Mchungaji huyo aliweza kueleza ng'ombe walionunuliwa na tajiri wake mwaka mmoja nyuma: rangi zao, alama zao na bei zao, karibu bila kukosea. Hakuwa na daftari. Ng'ombe ndiyo yalikuwa maisha yake, kwa hiyo kila jambo lilikuwa na mahali pa kukaa kichwani.

Miaka mingi kabla yake, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alifanya kinyume. Alijipa kazi ya kukariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zinavyopotea. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kuwa baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea.

Mtoto wa kidato cha kwanza anayesoma ukurasa wa Kiingereza asiouelewa yuko karibu zaidi na Ebbinghaus kuliko mchungaji. Anakariri sauti. Sauti hizo hazijashikamana na kitu chochote anachokijua, kwa hiyo zinaondoka upesi.

Mzigo wa lugha

Katika wilaya hizi mbili mtoto anaweza kuzaliwa akisikia Kimwera kwa bibi, Kimakonde, Kimakua au Kiyao kwa majirani, na Kiswahili kila mahali. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia katika ngazi hiyo tangu mwaka 1967. Anapoingia sekondari masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Miezi michache tu imepita, lakini mlango umebadilika.

Mabadiliko hayo yanagusa akili moja kwa moja. Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kuwa tunapofikiri tunatumia sehemu ya kumbukumbu yenye nafasi ndogo, inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi huku tukiyafanyia kazi. Mzazi anaweza kuifananisha na ungo mdogo. Mtoto anayehangaika na maana ya kila neno huwa ameshaujaza ungo. Somo lenyewe halipati pa kukaa.

Ndiyo maana si haki kumlinganisha na mwenzake aliyesoma shule ya msingi kwa Kiingereza. Wote wawili wana akili. Mmoja anabeba mzigo mmoja, mwingine miwili.

Jambo hili limechunguzwa nchini. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale ya Kiingereza. Wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walichangia na kuuliza kwa uhuru zaidi. Kwenye Kiingereza wengi walikaa kimya, na mwanafunzi anayekaa kimya huonekana hajui kitu.

Kusoma tena si kukumbuka

Kosa la pili ni njia ya kujisomea. Kurudia ukurasa mara tano kunamfanya mtoto auzoee, na kuuzoea kunafanana sana na kuujua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi waliisoma habari tena. Wengine walifunga karatasi wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka bila kuangalia walikuwa na kiasi cha asilimia 56 ya habari, na waliosoma tena asilimia 42.

Kwa maneno mengine, kumbukumbu huimarika pale mtu anapoivuta itoke. Bibi anayetega kitendawili jioni anafanya kazi hiyohiyo. Hampi mtoto jibu asome. Anasema "kitendawili", mtoto anaitika "tega", kisha anatafuta kichwani mwake.

Anachoweza kufanya mzazi

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji Kiingereza cha mzazi. Inahitaji dakika 15 na masikio.

Kwanza, mwambie mtoto afunge daftari, kisha muulize: "Leo mmefundishwa nini? Nieleze kwa Kiswahili." Kama bibi anaelewa zaidi Kimwera, amweleze kwa Kimwera. Akikwama, hapo ndipo pasipoeleweka. Afungue daftari, aangalie sehemu hiyo tu, au kesho akamuulize mwalimu. Kuuliza si ujinga.

Pili, unganisha somo na anachokijua. Kemia itakapofika kwenye salfa, mtoto wa mkulima wa korosho tayari anaijua: unga wa njano unaopuliziwa kuzuia ubwiriunga. Sasa anajifunza kuwa ni elementi, alama yake ni S na namba yake ya atomu ni 16. Jani la mkorosho linalojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua liko nje ya mlango. Akalichume, aeleze akiwa amelishika.

Tatu, mrudishe kwenye Kiingereza. Hatua hii isirukwe, kwa sababu upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne vinamsubiri kwa lugha hiyo. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser waliwachunguza wahamiaji nchini Marekani waliozungumza Kirusi na Kiingereza. Waligundua kuwa kumbukumbu za maisha yao huja kwa urahisi zaidi mtu anapoulizwa kwa lugha iliyotumika tukio lilipotokea. Mtoto naye anahitaji kuzoea kulitoa jambo kwa lugha atakayoulizwa. Baada ya kulieleza kwa Kiswahili, aandike sentensi mbili au tatu za Kiingereza bila kuangalia, kisha alinganishe na daftari.

Nne, gawanya. Dakika 15 leo, kesho kutwa na wiki ijayo zinazaa kuliko muda huohuo ukirundikwa usiku mmoja kabla ya jaribio. Haba na haba hujaza kibaba. Na akishasoma, alale. Ubongo hutumia usingizi kuimarisha yaliyosomwa, hivyo mtoto anayekesha anapoteza alichokitafuta.

Msimu wa korosho ni mtihani wa kipekee, kwa sababu kila mkono unahitajika shambani. Hata hapo mtoto anaweza kuulizwa swali moja akiokota korosho au mkiwa njiani kurudi nyumbani.

Pasipotosha kusubiri

Si kila ugumu ni wa lugha. Mtoto anayesogeza daftari karibu na uso, anayeitwa mara tatu ndipo aitike, au anayesahau hata maagizo mafupi ya nyumbani kwa Kiswahili, apelekwe kituo cha afya apimwe macho na masikio. Anayekwenda darasani na njaa naye hawezi kushika somo.

Ila kwa wengi tatizo halijafika huko. Mtoto aliyeambiwa mara nyingi kuwa ni kilaza huacha kujaribu kukumbuka, na asipojaribu, kumbukumbu haijengeki. Jaribio lijalo likirudi na alama 18, kabla ya hukumu, mzazi aichukue karatasi, akae na mwanawe, achague swali moja alilokosa na amwambie: "Hebu nieleze hili kwa Kiswahili." Akieleza vizuri, wote wawili watajua kuwa kilichobaki ni Kiingereza, na Kiingereza kinafundishika.